"Dude" si tusi, ila bosi usimwandikie

Unauliza kama yule Mmarekani mnayefanya naye kazi alikutukana alipokuandikia "dude, where's the file?" Hapana ndugu yangu, tulia. Hapo ni sawa na "mwanangu" au "mshikaji" wa vijana wa Dar.

Zamani kweli lilikuwa neno la kejeli. Mwaka 1883 lilivuma New York kwa kuwacheka masharobaro wa enzi hizo: suruali za kubana, kola ndefu, lafudhi ya kuiga Waingereza. Wanaisimu wengi hulihusisha na "doodle" ya Yankee Doodle, wimbo wa zamani wa Wamarekani. Kisha wachunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani wakawaita hivyo watu wa mjini waliokwenda kutalii mashambani kwao.

Sikiliza na sauti: "duuude" ya kuvuta huwa mshangao au lawama. Mtumie faili lake tu.