Kumbukumbu ya padri mwalimu: waigeni watoto wa Barbiana

Vijitabu vingi vya kumbukumbu ya mapadri waliofundisha vinafanana kama mapacha. Picha ya marehemu, orodha ya vituo alivyohudumia, kisha kurasa kumi za "alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu wa watu". Futa jina lake, weka la padri mwingine, na hakuna kitakachoharibika. Tatizo si uvivu. Kazi imeachiwa mtu mmoja, mara nyingi katibu wa parokia, akapewa wiki mbili.

Ipo njia nyingine, na ilitoka kwa padri mwalimu na wanafunzi wake. Lorenzo Milani alizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1923, katika familia yenye mali, akapadirishwa 1947. Desemba 1954 alihamishiwa Barbiana, parokia ya mlimani huko Mugello, isiyo na barabara, umeme wala maji ya bomba. Akafungua shule ya watoto wa wakulima, ambao wengi wao walikuwa wamefelishwa kwingine: saa 12 kwa siku, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Wanafunzi wanane waliandika barua ndefu kwa mwalimu wa kike anayefelisha watoto wa maskini. Ikachapishwa Mei 1967. Milani akafariki Juni 26 mwaka huohuo. Ndani ya barua hiyo wameeleza jinsi walivyoiandika pamoja, na hatua zao zinafaa kabisa kwa kijitabu chenu.

Kila mmoja alitembea na kidaftari mfukoni. Wazo likija, linaandikwa papo hapo. Kila wazo lilipewa karatasi yake, upande mmoja tu. Kanuni hii ndiyo huvunjwa mapema kuliko zote. Ukiandika "alifundisha hesabu kwa kupima shamba la misheni na aliwalipia ada yatima" kwenye karatasi moja, karatasi hiyo itatakiwa kwenye marundo mawili kwa wakati mmoja. Na kilichoandikwa nyuma hakionekani karatasi zikitandazwa mezani. Kata A4 vipande vinne. Watu 8 hadi 12 wanatosha, kila mmoja na vipande 20 vya kuanzia. Wawemo mpishi wa misheni, mlinzi, na waliofeli mtihani, si waliofika chuo kikuu peke yao.

Tarehe msizichukue vichwani mwa watu. Daraja takatifu huandikwa pia kwenye daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa. Ombeni ofisi ya parokia hiyo iwaangalizie. Tarehe ya ushemasi na ya upadre ndizo huchanganywa zaidi.

Siku ya meza, karatasi husomwa moja moja, zinazojirudia zinatolewa. Zinazohusiana zinakuwa rundo, na kila rundo ni sura. Rundo kubwa hugawanywa kuwa vijirundo, ndizo aya. Kisha kila aya itafutiwe kichwa. Watoto wa Barbiana waliona kwamba aya isiyopata kichwa ama haina kitu ndani, ama imebeba mengi mno. Ya kwanza itupwe, ya pili igawanywe. Hapa ndipo sifa tupu huumbuka: rundo la "upole" halipati kichwa kwa sababu halina tukio. Muulizeni aliyeandika: siku gani, alifanya nini? Jibu lake ndilo la kuandika.

Vichwa vikishapangwa vikakaa sawa, inafuata kazi ya mkasi na gundi, halafu kupunguza. Barbiana walishindana nani ataona neno la kuondoa, kivumishi cha ziada, marudio, uongo, neno gumu, sentensi ndefu mno, au mambo mawili yaliyobanwa ndani ya sentensi moja. Ndiyo, uongo umo, na kwenye kumbukumbu za marehemu ndio hujaa. Kama padri alikuwa mkali, andikeni. Wanafunzi wa Milani walisema wazi kwamba kwake hakukuwa na mapumziko, hata Jumapili.

Mwisho waliita watu wa nje, mmoja baada ya mwingine, heri wasiosoma sana, wakawapa waisome kwa sauti. Fanyeni hivyo, kisha mwacheni msomaji asimulie alichoelewa, bila kumsaidia. Akielewa vingine, kosa ni la waandishi. Wenzetu wale walikuwa na sharti moja zuri: ushauri wa kufanya jambo lieleweke unapokewa, ushauri wa kujihadhari unakataliwa. Kwenye kamati za parokia huu wa pili ndio mwingi, kwa hiyo kubalianeni mapema.

Wao hawakujiwekea muda. Ninyi mna misa ya kumbukumbu, basi anzeni miezi 6 kabla. Msipomaliza, chapisheni karatasi ya ibada tu, kijitabu kitoke mwaka unaofuata; kilichoharakishwa hurudi kwenye "mtu wa watu". Kwa mchapaji, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4. Zikibaki mbili tupu, msizijaze sifa. Ziacheni wazi na mistari, maana baada ya misa huja mtu na kisa ambacho hakuna kati yenu aliyekisikia.