Nimeweka kikomo cha spidi kwenye ruta, mbona hakishiki?

SWALI: Habari fundi. Nina nyumba ya wageni Morogoro, vyumba 14, laini ya faiba ya Mbps 20 na ruta ya MikroTik hEX. Kila chumba nimekiwekea kikomo cha Mbps 2 kwenye Simple Queues (foleni za ruta za kubana spidi), lakini ikifika saa mbili usiku intaneti inakwama, hata ujumbe wa WhatsApp hauendi. Nikizifungua foleni naona namba ndogo mno, nyingine sifuri. Nani anaimaliza?

JIBU: Hizo sifuri ndizo jibu lenyewe. Foleni ikisoma sifuri huku wageni wanatazama video, ujue data haipiti humo.

Mipangilio ya kiwandani ya ruta hizi huja na kanuni ya FastTrack. Muunganisho ukishatambulika, pakiti zake (vipande vya data) hupitishwa njia ya mkato ili prosesa ipumue, na njia hiyo haigusi Simple Queues. Umeweka mlinzi getini, uani pako wazi.

Kwenye menyu ya ruta nenda IP, Firewall, Filter Rules, tafuta kanuni ya fasttrack connection, uizime. Usiifute. Kisha zima ruta na uiwashe tena, maana miunganisho iliyokwishapata mkato itaendelea nao mpaka ikatike. Prosesa itabeba mzigo zaidi, ila kwa Mbps 20 hEX haitahema.

Jioni fungua Tools, Torch, inayoonyesha nani anatumia kiasi gani sasa hivi, chagua bridge (inayounganisha milango ya ndani ya ruta). Hapa wengi huchanganya: Tx ni kile ruta inachompelekea mgeni, yaani anachopakua, Rx ni anachopakia. Mimi ningeanza na Rx. Mara nyingi analaumiwa anayetazama mpira, kumbe ni simu ya mtu aliyelala inapakia picha za harusi mtandaoni. Njia ya kupakia ikijaa, hata anayepakua hukwama, kwa sababu taarifa za kuthibitisha kwamba pakiti zimefika nazo zinasubiri humo humo.

Halafu hesabu yako: vyumba 14 mara Mbps 2 ni 28, na laini ni 20. Ondoa foleni zote, weka moja ya mtandao mzima (anwani 192.168.88.0/24 kama hukubadilisha), yenye pcq-upload-default na pcq-download-default, aina za foleni zinazogawa spidi kwa usawa. Mgeni akiwa peke yake atapata yote. Wakijaa watagawana kwa kila kifaa, kwa hiyo mwenye simu na kompyuta anapata mafungu mawili. Kikomo cha kupakua weka 18M, si 20M, ili msongamano utokee kwenye ruta yako unayoitawala. Cha kupakia kipime kwanza, uweke asilimia 90 yake. Ukiandika kwa amri, cha kupakia ndicho kinachotangulia. Ukivigeuza utarudi kuniuliza tena.

Bado inakwama? Chomeka kompyuta kwa waya. hEX haina Wi-Fi yake, kwa hiyo kasoro yaweza kuwa kwenye vifaa vya koridoni. Kwa waya nako ikikwama wakati Torch inaonyesha Mbps 5 au 6 tu, piga picha ya skrini, ndipo umpigie mtoa huduma.