Maswali na majibu: Fumo Liyongo kwa matarumbeta na picha

Nataka kumtungia Liyongo, shujaa mshairi wa hadithi za Waswahili, muziki wa bendi yetu, pamoja na picha za skrini. Hadithi ni ndefu, nianzie wapi? (Mwalimu wa bendi ya shule)

Anzia gerezani, mwalimu. Wengi hukimbilia kifo: mwana wa Liyongo amchoma babaye sindano ya shaba kitovuni, Liyongo apiga goti kisimani na upinde wake, na watu wasithubutu kuteka maji. Picha nzuri, lakini muziki pale hauna kazi. Gerezani muziki ndio unaofungua pingu. Mama yake Liyongo ametia tupa ya kukatia chuma ndani ya mkate wa wishwa (pumba). Askari wakala mikate ile mizuri, huo wa wishwa wakamwachia Liyongo. Kisha gungu, ngoma ya kale ya Waswahili, likapigwa, na kelele za pembe, matasa (sinia za shaba) na vugo (pembe ya kugongwa kwa kijiti) zikafunika mkwaruzo wa tupa.

Basi tromboni na tuba wapige kwa nguvu zote, na mpiga ngoma mmoja asugue tupa ya kweli kwenye chuma, maikrofoni karibu. Kila bendi inapovuta pumzi, mkwaruzo usikike kidogo. Kidogo tu, askari nao wana masikio.

Siwa, zile pembe kubwa za kifalme, je?

Siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate ni mali za makumbusho. Tromboni mbili nyuma ya ukumbi zatosha. Bora umtafute mpiga zumari: huvuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa, sauti haikatiki.

Video inatuacha nyuma kila mara.

Msiiachie ikimbie mfululizo. Ikateni vipande, kila kimoja kiishie kwenye picha inayoweza kutulia, na anayebonyeza awe anasoma nota. Mwongoza bendi avae spika ya sikio yenye mapigo pale tu picha na sauti lazima ziende sambamba.

Utendi wa Liyongo alioandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, tuuimbe au tuusome?

Ughaniwe. Ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) nane. Klarineti moja ishike nota ya chini, wengine wanyamaze. Usimfungie mghani kwenye mwendo wa gwaride.

Klarineti zinatoka chini ya nilivyoandika!

Ni za B-flati, yaani nota C iliyoandikwa hutoka B-flati: ziandikie nusutoni 2 juu. Saksafoni alto, nusutoni 9. Honi ya F, 7.