Mwalimu wa muziki wa kujitegemea: usikimbilie kulipia app kwa mwaka mzima

Mkuu, umesema unafundisha kinanda na gitaa majumbani huko Masasi, wanafunzi hawafiki thelathini, na unauliza ulipie kifurushi gani cha app ya kuandikia maendeleo yao. Mimi nafundisha Mtwara mjini, Shangani na Mikindani, na kwaya pia ninayo.

Kabla ya bei, angalia rekodi zako za sauti. Maandishi hayajazi kitu, sauti ndiyo inayojaza. Faili la sauti la MP3 ya 128 kbps linakula karibu MB 1 kwa dakika, la WAV, lisilobanwa, ni kama MB 10. Notion, moja ya app za kuandikia, ya bure haipokei faili linalozidi MB 5, yaani zoezi la dakika tano hivi. OneNote ya Microsoft ni ya bure, ila inakaa kwenye OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni, yenye GB 5. Google wanakupa GB 15, lakini barua pepe na picha zako zimo humohumo. Mimi rekodi naziweka kwenye memori kadi, app inabeba maandishi na picha za solfa (nota za d r m) basi. Ukifanya hivyo, kulipia kunakuwa si lazima tena.

Evernote, app nyingine ya kuandikia, ya bure wengi wameikimbia tangu Desemba 2023 ilipowekewa kikomo cha kurasa 50 na daftari 1. Kwa mwalimu wa wanafunzi thelathini zinatosha kabisa, mradi kila mmoja awe na ukurasa wake mmoja unaoendelea, usifungue mpya kila kipindi. Ukurasa wa binti mmoja ninayemfundisha unasomeka hivi: "Jumanne. Mkono wa kushoto unachelewa akitoka C kwenda F. Mwendo 72, asiongeze bado. d m s m, aimbe kwanza ndipo apige. Ada nusu." La wiki hii naliandika juu ya la wiki iliyopita, nikifika mlangoni kwao nakutana nalo mara moja.

La pili, app yako ifunguke bila bando. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mtandao ulisuasua nchi nzima, na vipindi havikusubiri. App za Joplin na Obsidian zinahifadhi kila kitu kwenye simu yenyewe. Obsidian ukitaka wakuunganishie simu na kompyuta kwa huduma yao, unalipia. Joplin unaiunganisha bila malipo kupitia hifadhi ya mtandaoni kama Dropbox au OneDrive. Kwa hali uliyoieleza, chukua Joplin.

Ukija kuhitaji ya kulipia, labda umeajiri msaidizi na mnagawana wanafunzi, lipia kwa mwezi hata kama ya mwaka inaonekana nafuu. Wazazi wetu wanalipa vizuri korosho zikiuzwa, masika ada inakuja kwa kusukumana, na makato ya dola ya mwaka mzima hayaangalii msimu. Na kabla hujatoa hela, jaribu kutoa kurasa zako zote humo na kuzifungua kwingine. Zikigoma kutoka, app hiyo iache.