Mafunzo ya wanaojitolea chamani: je, yanamfaa mgeni?
Ndugu, umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kukifanyia chama cha siasa kazi yoyote anaweza kunufaika na mafunzo ya mashinani ya siku moja. Hudhuria bila wasiwasi, kwa kuwa mafunzo hayo huwalenga hasa wageni. Sehemu yenye faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni zoezi la kubisha hodi nyumba kwa nyumba, ambapo washiriki huigiza wawili wawili, mmoja akiwa mpiga kura na mwenzake mjumbe wa chama, hadi wazoee kuuliza swali moja, kunyamaza, kusikiliza, kisha kuandika jibu kabla ya kwenda nyumba inayofuata, maana kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha ni nani wa kukumbushwa siku ya uchaguzi. (Hotuba za ufunguzi huwa ndefu, zivumilie tu.) Uliza pia sheria inasemaje kuhusu kampeni karibu na vituo vya kupigia kura na kuhusu utunzaji wa taarifa za watu. Ukiona haya kubisha hodi, omba kupiga simu au kupanga orodha.