Mbwa mchanga na maji: mtazame anavyotoka, si anavyoingia

Mbwa anayejirusha majini kwa kishindo, maji yakatapakaa kila upande, huwavutia watu haraka. Mimi humtazama anavyotoka. Karibu kila tatizo nililowahi kuletewa na wenye mbwa wachanga wa uwindaji lilikuwa pale ukingoni, katika zile hatua mbili tatu kati ya maji na mkono wa mwenyewe. Mbwa anafika na bata aliyetumwa kumleta, anamweka chini, anajikung'uta, kisha anamwokota tena kwa ncha ya bawa kana kwamba amebadili mawazo. Kama bata yule alikuwa amejeruhiwa tu, muda huo unamtosha kurudi majini na kuzama, na hapo hamtampata tena, si wewe wala mbwa.

Kwa hiyo mafunzo ya majini huanzia nchi kavu. Kabla hajalowesha hata unyayo kwa ajili ya kazi, nataka aje moja kwa moja akisikia filimbi, atulie kando ya mguu wangu mpaka nimtume, na ashike kibunda bila kukitafuna mpaka nikipokee. Kibunda ni kile cha turubai au plastiki kinachoelea, tunachotumia badala ya ndege. Sababu ya kusisitiza haya ni moja: nchi kavu akikaidi unaweza kumfuata, lakini akiwa katikati ya bwawa mkono wako haumfikii, na mbwa hujua jambo hilo mapema kuliko unavyodhani. Angalizo dogo: kati ya miezi 4 na 6 meno ya utoto hung'oka na ya ukubwani huota, fizi zinauma. Huo si wakati wa kumkazania kushika.

Kumzoeza maji kwenyewe ni jambo tofauti, na unaweza kulianza mapema kama mchezo, bila amri yoyote. Chagua siku ya joto, maji yaliyotulia, na mahali ambapo kina kinaongezeka taratibu na chini pana udongo mgumu, si tope. Ingia wewe kwanza. Mbwa mzima mtulivu akiwepo husaidia sana, mradi asiwe yule anayewapokonya wenzake kila kinachotupwa. Kumsukuma au kumrusha mtoto wa mbwa majini "ili ajifunze" ni ukatili, tena ni ujinga, maana wengine hawasahau. Usitupe mawe kumshawishi. Jiwe linazama, naye anabaki anazunguka akitafuta kitu ambacho hakipo, na anajifunza kwamba ulichotupa si lazima kipatikane.

Mara ya kwanza miguu inapoacha kugusa chini, wengi husimama wima ndani ya maji: mikono ya mbele inachapa juu, mkia umezama, macho yametoka. Anayetupa kibunda mbali zaidi wakati huo anamwongezea hofu. Mrudishe penye kina cha kifua chake, tembea naye, mwekee kiganja chini ya tumbo, upande wa nyuma kidogo, ili kiuno kipande. Mgongo ukilala sawa na maji, mkia nao huinuka na kuanza kufanya kazi ya usukani, na ule mchapo wa mbele unakoma wenyewe.

Sasa turudi ukingoni. Mwanzoni simsubiri nchi kavu. Nasimama majini, kwenye kina cha kifundo cha mguu, nakipokea kibunda kabla hajapata nafasi ya kujikung'uta. Sikinyakui, naweka mkono chini ya kidevu chake, namsifu akiwa bado ameshika, ndipo nasema "nipe". Akishazoea hivyo narudi nyuma hatua moja, siku nyingine mbili, mpaka anatoka kabisa majini na kunifuata akiwa ameshika, manyoya yakichuruzika. Akionyesha dalili ya kutaka kusimama, na utaiona kwenye mabega kabla ya kuiona kichwani, nampigia filimbi huku nikirudi kinyumenyume kwa haraka. Mbwa mchanga hapendi kuachwa. Humkimbilia mwenye mbwa na kujikung'uta kunasahaulika. Kupiga kelele hakusaidii. Anaweza hata kudhani anakemewa kwa kuleta.

Ugonjwa wa pili wa ukingoni ni kuzunguka. Mbwa ana akili: akiona kwamba kukimbia kando ya bwawa ni haraka kuliko kuogelea, atakimbia. Ndiyo maana kwa mwanafunzi situpi kwa mshazari. Nasimama naye karibu kabisa na maji, natupa moja kwa moja mbele, mahali ambapo bwawa ni refu kulia na kushoto na njia ya nchi kavu haina faida kwake. Kutupa ng'ambo, kibunda kikatua kwenye nyasi za upande wa pili, ni hatua nzuri inayofuata, lakini mwite mara tu anapookota, kabla hajapata muda wa kupima njia. Wapo wanaosema mbwa aachwe achague mwenyewe njia ya kurudi. Kwa mbwa aliyekomaa, sawa. Kwa mchanga, sikubaliani nao.

Kumbuka pia kwamba macho ya mbwa anayeogelea yako karibu sawa na uso wa maji. Kibunda unachokiona wazi wewe uliyesimama, kwake kinafichwa na viwimbi. Rangi ya chungwa inakufaa wewe. Mbwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na cheupe chenye mabaka meusi humsaidia zaidi. Tupa ili upepo umletee harufu usoni. Maji yanayokwenda kasi yasubiri mpaka awe mwogeleaji kamili.

Kuhusu usalama sina mzaha. Mvue mkanda wa shingoni kabla ya kuingia, kwa sababu mzizi au tawi lililozama linaweza kumnasa. Fanya vipindi vifupi: mbwa anayerudi tena na tena akiwa ameshika kitu mdomoni humeza maji mengi, na yakizidi hupunguza chumvi mwilini kwa kiwango cha kuua. Akiyumba, akitapika, tumbo likivimba au macho yakilegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo. Maji yenye utando wa kijani au buluu kama rangi iliyomwagika usimruhusu hata kuyalamba. Na ukikuta kesho yake, hasa baada ya maji baridi, mkia umening'inia na hataki uguswe, mara nyingi ni misuli ya mkia iliyochoka. Mwonyeshe daktari na mpumzishe. Mkaushe, masikio yasisahaulike.

Bata wa bandia wanaoelea, matete, ndege halisi, vyote huja kimoja kimoja, kila kimoja kwanza nchi kavu. Mlio wa bunduki nao azoeshwe kwa mbali, mbali kabisa na bwawa, asije akaukutanisha na maji baridi siku moja. Na siku atakayogoma kuingia, usibishane naye ukingoni. Mpeleke penye maji ya magotini, tupa karibu, akishaleta vizuri mara moja mfute maji mrudi nyumbani.