Sajini Lewis ndiye anayembeba Morse

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika tamthilia za upelelezi za televisheni, ni mhusika gani msaidizi ambaye uzito wake hauonekani mpaka aondolewe? Katika utangulizi wa swali mkaongeza kwamba kazi ya msaidizi ni kumuuliza mpelelezi yale ambayo mtazamaji angetaka kuuliza. Jibu langu ni Sajini Robbie Lewis wa tamthilia ya Uingereza iitwayo Inspector Morse, na naanza kwa kuupinga huo utangulizi. Lewis anauliza maswali, ndiyo, lakini hilo ni dogo kabisa kati ya anayoyafanya.

Kwa ambao hawakuiona: kituo cha televisheni cha ITV kilianza kuirusha Januari 1987 na kuimaliza Novemba 2000, vipindi 33 kwa jumla, kila kimoja na urefu wa filamu nzima. John Thaw aliigiza Inspekta Mkuu Morse wa polisi ya Oxford, mseja wa makamo, mpenzi wa opera, bia na mafumbo ya maneno, mwenye Jaguar nyekundu ya zamani, mtu ambaye akifunuliwa maiti anageuza uso. Kevin Whately aliigiza Lewis, sajini mwenye lafudhi ya Newcastle, mwenye mke aitwaye Valerie na watoto wa kulea. Ilipokuwa kileleni, tamthilia hiyo ilivuta watazamaji wapatao milioni 18 nchini Uingereza. Nadhani wengi wao wangekuambia kwamba wanamtazama Morse.

Lewis tunayemjua hakutoka kitabuni akiwa hivyo. Colin Dexter, mwandishi wa riwaya hizo, alikuwa bingwa wa mafumbo ya maneno, na majina Morse na Lewis aliyachukua kwa washindani wake katika mchezo huo. Katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1975, Lewis ni Mwelsh aliyemzidi Morse umri, mtu aliyewahi kupigana ndondi. Waliotengeneza tamthilia walimgeuza: wakamfanya kijana, wakamhamishia kaskazini-mashariki ya Uingereza, wakampa familia changa. Mswada wa kipindi cha kwanza uliandikwa na Anthony Minghella, na mimi naona uamuzi huo juu ya Lewis ndio uliolea kila kilichofuata kwa miaka 13. Wazee wawili wanaofuatana kazini wanaweza kuwa na mazungumzo mazuri, lakini hakuna kati yao mwenye njia ndefu mbele yake. Mweke kijana mwenye mke na watoto karibu na mseja anayezeeka, na kila wanapoagana jioni tayari una kisa: mmoja anakwenda kula na wanawe, mwingine anakwenda kuweka santuri ya Wagner, mtunzi wa opera, katika nyumba isiyo na mtu. Hakuna haja ya mhusika yeyote kutamka kwamba Morse ni mpweke. Lewis akitazama saa tu, tumeshajua. Dexter mwenyewe aliuona uzuri wa badiliko hilo, maana vitabu vyake vya baadaye vilianza kumfuata Lewis wa televisheni.

Halafu kuna Oxford yenyewe. Mauaji mengi ya tamthilia hii yanahusu watu wa vyuo: maprofesa, wakuu wa vyuo, wake zao, wafadhili wao. Morse alisoma Oxford akaondoka bila shahada, na jeraha hilo halikupona. Akiingia katika ua wa chuo anakuwa nusu polisi, nusu mwanafunzi wa zamani anayetaka kukubaliwa. Anapendezwa na mvinyo wao, vitabu vyao, na mara nyingi mno na wanawake wao. Lewis hana deni lolote na mahali pale. Msomi akimsemesha kwa dharau anaandika jibu kwenye kijitabu chake na kuuliza swali linalofuata. Mabawabu, wafagizi wa vyumba vya wanafunzi, wahudumu wa baa, wote hawa hawamwogopi kama wanavyomwogopa bosi wake, kwa hiyo yeye ndiye husikia nani alitoka kwa mlango upi. Oxford ya Morse peke yake ingekuwa mji wa kupendeza machoni tu. Lewis anatuonesha nani anaufagia.

Jambo ambalo watu husahau kuhusu Morse ni kwamba anakosea, na anakosea sana. Anakamata asiyehusika, anapenda mtuhumiwa, anajenga nadharia ndefu kwa sababu ni nzuri kuisikia. Katika kipindi cha kwanza kabisa, The Dead of Jericho, anaieleza kesi yake kwa kisa cha Oedipus, mfalme wa Wagiriki wa kale aliyemuua babaye na kumwoa mamaye bila kujua. Ni maelezo ya kuvutia, na hayasimami mbele ya ukweli. Akili ya Morse inaruka; mtu wa kukagua alikotua ni Lewis, kwa kupiga simu, kusoma orodha na kugonga milango. Mara nyingine ufumbuzi wenyewe unatokana na neno ambalo Lewis ametamka bila kukusudia, jambo la nyumbani au la barabarani, na Morse ananyamaza ghafla, kisha anadai koti. Baadhi ya watazamaji huichukulia mbinu hiyo kuwa bahati tu. Mimi sikubaliani. Morse hana maisha ya kawaida ya kuchota kutoka humo. Anachojua kuhusu ndoa, ada za shule na uchovu wa wazazi anakipata kwa Lewis. Wauaji wengi wa tamthilia hii huua kwa sababu za nyumbani, na kati ya wawili hao ni mmoja tu mwenye nyumba.

Mmeuliza juu ya mhusika kuondolewa. Kwa bahati njema jaribio hilo lilifanywa kweli. Katika vipindi vyote 33 kuna kimoja tu ambacho Lewis hayumo, nacho ni The Wench Is Dead cha mwaka 1998. Morse amelazwa hospitalini kwa maradhi ya tumbo, na kitandani anaanza kuchunguza kesi ya mwaka 1859 ya mwanamke aliyekutwa amekufa katika mfereji wa Oxford, kesi ambayo mabaharia wa mashua walinyongwa kwa ajili yake. Nafasi ya Lewis imechukuliwa na askari kijana aitwaye Kershaw, anayemtafutia vitabu na nyaraka za zamani. Kipindi ni kizuri. Picha za mfereji ni za kukumbukwa, Thaw anaigiza kwa utulivu mkubwa, fumbo lenyewe linakaza kamba mpaka mwisho. Hata hivyo, kuna kitu kimepungua, na nimekitazama mara nyingi nikikitafuta.

Kershaw ni mwerevu, na anamheshimu Morse. Nadhani shida ndiyo hiyo hiyo. Anaheshimu sifa za mtu aliyesimuliwa habari zake. Hajawahi kumsubiri Morse kwenye mvua, hajawahi kulipia bia ambayo bosi alisahau kwa makusudi kuilipia, hajawahi kukaripiwa mbele za watu kwa kosa la sarufi kisha kesho yake akarudi kazini. Morse akisema jambo la kuumiza mbele ya Kershaw linapita hewani, kwa sababu kijana hana kumbukumbu ya kulipokelea. Mbele ya Lewis neno hilo hilo lingeangukia miaka yote waliyokwisha kuwa pamoja. Uso wa Whately hufanya kazi hii kwa namna ambayo sijaiona kwa waigizaji wengi: taya linakaza kidogo, macho yanakwenda pembeni, kisha "Ndiyo, afande," na sisi tumeshajua kwamba ameumia, amesamehe, na hatasahau. Morse bila uso huo wa kumpokea anabaki mzee msomi mwenye hasira. Tunampenda Morse kwa sababu tunamwona Lewis akimpenda, na Lewis si mjinga wala si mnyonge, kwa hiyo tunaamini kwamba ameona kitu ndani ya mtu yule.

Hapa najua nitapingwa. Wako wanaosema Lewis ni mtumishi: anaendeshwa, anatukanwa, anatolewa fedha mfukoni, na miaka yote hiyo amebaki sajini. Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu ukali wa Morse upo kweli na tamthilia haiufichi. Lakini tazameni anavyojibu. Anamwambia Morse waziwazi anapomwona anavuka mpaka na shahidi mwanamke. Anakataa kumfuata katika nadharia asiyoiamini. Anataka kupanda cheo, anasomea, na kila wazo la Lewis kuwa inspekta linapotajwa, anayetetemeka ni mkubwa wake. Mtumishi hamtii bwana wake hofu ya kuachwa. Kwangu mimi moyo wa tamthilia hii ni kwamba mwenye cheo ndiye mhitaji, na mhitaji huyo amelelewa vibaya kiasi kwamba hajui kuomba.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni Masonic Mysteries cha mwaka 1990, kilichoongozwa na Danny Boyle kabla ulimwengu wa sinema haujamjua. Mwanamke anayeimba na Morse katika mazoezi ya opera ya Mozart anachomwa kisu, Morse anakutwa na kisu mkononi, na mtu anayemchukia anazidi kumfunga kamba, hata kumbukumbu za kompyuta za polisi zinachezewa ili zimshitaki. Kipindi kizima Morse hana nguvu alizozizoea. Elimu yake haimsaidii, cheo chake kimekuwa mzigo. Kinachobaki ni sajini mmoja aliyewekwa chini ya mkubwa mwingine, anayeendelea kuamini bila kuacha kuchunguza. Napenda sana neno hilo la mwisho: bila kuacha kuchunguza. Lewis hamtetei Morse kwa kelele. Anamtetea kwa kazi ya polisi iliyofanywa sawasawa.

Kuhusu kipindi cha mwisho, The Remorseful Day, nitasema kwa ufupi kwa sababu kimeshaandikiwa mengi. Morse anaanguka katika ua wa chuo, Lewis akiwa mbali anaimaliza kesi ya muuguzi aliyeuawa. Maneno ya mwisho ya Morse hospitalini anayatoa kwa mkubwa wake, Strange: amshukuru Lewis kwa niaba yake. Baada ya miaka 13, shukrani ile inapitishwa kwa mtu wa tatu. Mwandishi dhaifu angewakutanisha kitandani wakalia pamoja. Hapa waandishi walijua kwamba Morse asingeweza kulisema hilo mbele ya Lewis, na kwamba Lewis asingehitaji kusikia zaidi.

John Thaw alifariki Februari 2002, na miaka minne baadaye ITV ikampa Lewis tamthilia yake mwenyewe. Ilidumu tangu 2006 hadi 2015 na kufikisha vipindi 33 pia, sawa na ya Morse. Mhusika msaidizi kushika usukani kwa muda mrefu hivyo si jambo la kawaida, na wengi waliotazamia iporomoke hawakumwelewa Lewis tangu mwanzo. Watengenezaji walifanya jambo la busara: wakamuua Valerie nje ya skrini, amegongwa na dereva aliyetoroka, na kumpa Lewis sajini msomi, James Hathaway, aliyewahi kusomea upadri. Sasa mwenye vitabu ni mdogo, na mkubwa ni yule wa lafudhi ya Newcastle. Lewis amepata upweke wa Morse bila kupata ukali wake, na anamlea Hathaway kama ambavyo yeye hakulelewa. Nilihuzunika kwa kifo cha Valerie, na bado nadhani kilikuwa bei kubwa ya kulipia hadithi, lakini bila hicho Lewis asingeelewa kwa nini bosi wake alikuwa hapendi kurudi nyumbani.

Hata walipoamua kusimulia ujana wa Morse katika Endeavour, iliyorushwa kati ya 2012 na 2023, nafasi ya Lewis ilibidi ijazwe. Lewis asingeweza kuwepo, miaka haikuruhusu, kwa hiyo wakaumba Fred Thursday, safari hii mkubwa wa Morse, mwenye mke anayemfungia mkate wenye kitu tofauti ndani yake kwa kila siku ya juma. Kijana Morse amezoea kuukisia kabla haujafunguliwa. Haikuwezekana kumsimulia Morse bila kuwa na mtu karibu yake ambaye nyumbani kwake kuna chakula mezani.

Kwa msomaji anayetaka kunihakiki, ushauri wangu ni kutazama vitatu kwa mpangilio huu: Masonic Mysteries kwanza, kisha The Wench Is Dead, halafu The Remorseful Day. Katika cha pili, mhesabie Morse ni mara ngapi anasema jambo ambalo hakuna mtu chumbani wa kulijibu inavyostahili.